Mdogo wangu mjamzito anatapika kwa siri kila akimaliza kula. Ni mimba tu au kuna kingine?

DadaMkubwa_Tanga

Habarini wapendwa. Naombeni ushauri, hasa kwa mlio kwenye afya na kina mama mliopitia.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 24, mimba ya kwanza, sasa yuko mwezi wa sita. Mumewe ni dereva wa malori ya kwenda nje, kwa hiyo amekuja kukaa kwangu hapa Tanga mpaka ajifungue. Miezi ya mwanzo alitapika kama tulivyotapika wengi, harufu ya kitunguu tu ilitosha kumtoa jikoni. Mwezi wa nne akapata nafuu, tukashukuru. Sasa kutapika kumerudi, ila kumerudi kwa namna nisiyoielewa.

Mbele za watu anakula vizuri. Wali, samaki wa nazi, mchicha, na mapishi anayasifia. Sahani ikishatolewa tu anaingia bafuni, anafungulia bomba ndoo ijae kwa kelele. Akitoka macho mekundu, uso ameshaosha, ananiambia joto limemzidi. Mwenye kichefuchefu cha mimba mimi namjua: anakimbia, hachagui pa kutapikia, na haoni haya kuomba ndimu. Huyu anasubiri tumalize kula. Halafu asubuhi naamka nakuta boflo zima halipo kabatini na kopo la siagi limekombwa, nikimuuliza anasema labda watoto. Jumatatu na Alhamisi anasema amefunga sunna. Mchana anamung'unya udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni. Na juzi natandika kitanda chake, chini ya godoro nikakuta pakiti za sanamaki, yale majani ya kuharishia, nyingine zimeshatumika.

Kadi ya kliniki inaonyesha alianza na kilo 54, mwezi uliopita alikuwa 53. Damu 9.2. Aliambiwa ale vizuri, akapewa vidonge vya damu, basi. Mama yetu anasema ni mimba, wapo wanaotapika mpaka siku ya kujifungua. Mimi moyo unakataa. Utotoni nyumbani tulimwita Bonge, na tangu yuko sekondari hapiti duka la dawa lenye mizani bila kupanda. Wiki iliyopita jirani alimwambia "mashaallah, umejaa", kwa nia njema kabisa, nikamsikia akilia usiku.

Nimwambie nimeona? Nimwambie mumewe? Na kama ni ugonjwa, unatibiwa wapi?

BiMkubwa_Pangani

Pole mwanangu. Mimba haina kanuni, mimi nimezaa saba na hakuna iliyofanana na nyingine. Udongo tumekula sote. Usimsukume sana kula, mtoto akiwa mkubwa mno atamtesa siku ya uchungu. Mayai nayo mpunguzie, sisi tulikatazwa na wazee wetu. Muombee dua, atatulia.

Mkunga_ZamuYaUsiku

Shikamoo Bi Mkubwa. Dua nakuunga mkono, lakini kwenye kula kidogo ili mtoto awe mdogo naomba nikupinge kwa heshima zote. Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5 tunamwita mwenye uzito pungufu, na huyo ndiye anayepoteza joto haraka, anayechoka kunyonya, anayeugua mapema. Na mama aliyeingia chumba cha uzazi na damu pungufu, akivuja kidogo tu kuliko kawaida, tunahangaika naye. Mayai ale. Yai moja lina protini karibu gramu sita na halimfanyi mtoto awe na upara.

Dada, nimekaa kliniki ya wajawazito muda mrefu, na ulivyoandika umeshaona jambo ambalo sisi kliniki tunalikosa kwa sababu mtu tunakutana naye dakika chache. Umeona kwamba anasubiri. Kichefuchefu cha mimba kwa wengi huanza kabla ya wiki ya tisa na hutulia kati ya wiki ya 16 na 20. Wapo kweli wanaotapika hadi mwisho, na wapo wanaotapika vibaya mno hadi kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wao, tunawalaza na kuwatundikia maji. Lakini mgonjwa wa aina hiyo hawezi kukomba kopo la siagi usiku. Anayekula kingi kwa siri, kwa haraka, akiona hawezi kujizuia, kisha akakitoa kwa kujitapisha au kwa dawa ya kuharisha, au akajinyima chakula kwa kufunga, ugonjwa wake hospitalini unaitwa bulimia. Daktari Gerald Russell wa London ndiye aliyeuelezea kwa jina hilo mwaka 1979, na moja ya dalili alizoandika bado tunaitafuta hadi leo: sugu au michubuko kwenye vifundo vya vidole vya mkono, panapogongana na meno mtu akijitia kidole kooni. Mwangalie mkono wake wa kulia, taratibu, bila kumshika kwa nguvu. Angalia na mashavu karibu na masikio kama yamevimba mfano wa mwenye matubwitubwi. Na meno: analalamika maji baridi yanamuuma? Asidi ya tumboni hula meno kwa upande wa ndani.

Umbo lisikudanganye. Wengi wenye ugonjwa huu wana uzito wa kawaida kabisa, ndiyo maana wanapita mikononi mwetu. Anayekonda sana watu humshtukia. Huyu husifiwa kwamba mimba imempendeza.

Sijamwona, kwa hiyo simpi jina la ugonjwa kupitia hapa. Kutapika kunakorudi mwezi wa sita kunaweza pia kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, au presha ya mimba, na haya yote yapimwe kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka wiki hii hii.

Kinachonitisha zaidi katika maelezo yako ni sanamaki. Watu huichukulia kama chai kwa sababu ni majani, lakini ni dawa ya kuharisha. Mtu anayetapika na kuharisha kwa pamoja hupoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo hupiga ovyo. Mjamzito anaweza kuanguka ghafla akiwa anaonekana mzima. Na sanamaki haipunguzi mafuta hata kidogo, chakula kimeshafyonzwa juu huko kabla dawa haijafika kwenye utumbo mpana. Kitakachotoka ni maji. Jambo jingine, vidonge vya damu hufunga choo, kwa hiyo anaweza kukuambia anatumia sanamaki kwa ajili hiyo. Inawezekana kuna ukweli ndani yake. Mpe papai, maji ya kutosha na maharage, akishindwa daktari ana dawa salama zaidi.

Udongo nao usiudharau. Hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi hufuatana na upungufu wa madini ya chuma, na mjamzito mwenye damu chini ya 11 tunamhesabu ana upungufu. Yeye ana 9.2. Lakini udongo wenyewe hunasa madini ya chuma tumboni, hivyo anavyokula ndivyo damu inavyozidi kukataa kupanda. Unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na umekutwa mara nyingi na madini ya risasi, ambayo huvuka hadi kwa mtoto. Kuuchoma motoni kunaweza kuua mayai ya minyoo, risasi haiondoki. Kwa huyu kuna jambo la ziada la kumuuliza kwa upole: anakula udongo kwa hamu tu, au anautumia kujaza tumbo ili asile chakula? Nimekutana na wote wawili.

Uzito. Aliyeanza na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongeza kati ya kilo 11.5 na 16 hadi kujifungua, na kuanzia mwezi wa nne ni karibu nusu kilo kila wiki, kasoro kidogo. Kushuka kutoka 54 hadi 53 kwenye miezi hii ni kengele, iwe ni bulimia au sio.

Namna ya kuzungumza naye nakuandikia kwa kirefu maana hapo ndipo familia nyingi zinapokwama. Usimvizie bafuni. Usimwekee zile pakiti mezani mbele ya watoto. Mchukue mkiwa wawili, saa ambayo si ya kula, umwambie ulichokiona na ulivyoumia, na usitaje umbo lake hata kwa sifa. "Nimeona unaingia bafuni baada ya kula, nikasikia unalia usiku, nakuogopea" inatosha. Akikana usibishane. Usimwambie "unamuua mtoto". Hilo analijua na linamtafuna kuliko unavyodhani, na aibu ikizidi atajificha vizuri zaidi.

Akikubali kuzungumza, kuna maswali matano waliyoyatunga madaktari wa Uingereza mwaka 1999, hata asiye daktari anaweza kuyauliza. Huwa unajitapisha kwa sababu umeshiba ukajisikia vibaya? Unaogopa kwamba huwezi tena kujizuia ukianza kula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene wakati wengine wanasema umekonda? Unaona chakula kimetawala maisha yako? Mawili yakijibiwa ndiyo, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Lile la kilo kwa mjamzito halina nguvu sana kwa kuwa uzito wake unabadilika, mengine manne yanatosha.

Na usimpakulie "sahani ya watu wawili". Kwa mtu huyu sahani iliyojaa ni tishio. Mjamzito katika miezi mitatu ya mwanzo hahitaji nyongeza kubwa ya chakula, na sasa anahitaji kama mlo mdogo mmoja zaidi kwa siku. Kwa hiyo mpe kidogo kidogo kwa saa zinazojulikana: uji asubuhi na yai, chungwa au embe saa nne, mchana ugali au wali na dagaa au maharage na matembele yaliyokamuliwa ndimu, jioni kitu chepesi, usiku maziwa. Mwenye njaa ya kutwa nzima ndiye anayelivamia kabati saa saba usiku. Akimaliza kula kaeni pamoja kama saa moja hivi, msukane nywele, mpige stori, mchambue mchele. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo na mbali na kidonge cha damu kwa saa moja au mbili, inazuia madini. Kidonge anaweza kukimeza usiku na juisi ya chungwa kama kinamtia kichefuchefu. Choo kikiwa cheusi asishtuke, ni kidonge.

Hiyo sunna aiache kwa sasa. Hata Ramadhani yenyewe mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ameruhusiwa kula na kulipa baadaye.

BabaJunior_Moro

Samahani kuingilia. Wangu hatapiki, ila kutwa anatafuna mchele mbichi na barafu za kwenye friji. Huo nao ni ugonjwa wa akili?

Mkunga_ZamuYaUsiku

Kaka, usianze na akili. Mpeleke akapime damu, na aulize dawa ya minyoo kama hajapewa, hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Damu ikipanda, kwa wengi ile hamu hukatika yenyewe. Kama anakula milo yake, haogopi kunenepa na hakufichi kitu, huna sababu ya kumchunguza zaidi ya hapo.

Mwanamke_wa_Likoni

Nimesoma swali la dada nikatetemeka, kwa sababu huyo mdogo wako ni mimi wa mimba yangu ya kwanza. Nitaandika kwa urefu, mnisamehe.

Ugonjwa ulinianza nikiwa chuo. Nilikuwa nanunua viazi karai, kaimati, mahamri, nanunua kwa watu tofauti ili asinijue mmoja, nakula nimesimama chumbani mlango nimefunga, bila kusikia ladha. Halafu natapika. Nilipopata mimba nikajiambia sasa nitaacha kwa ajili ya mtoto, na wiki za mwanzo kweli niliacha. Kisha tumbo likaanza kutokeza. Kila mtu akawa na ruhusa ya kuutaja mwili wangu: shangazi, jirani, mwenye duka. "Umefura", "umependeza", "utakuwa na pacha". Walinipenda na maneno yao yalinichoma. Na mimba ilinipa maficho mazuri ajabu, maana nani atamshangaa mwenye mimba akitapika? Nani atamuuliza aliyefunga? Dada, nakuomba uelewe hilo: hajachagua kukudanganya wewe. Amepata mahali pa kujificha ambapo watu wote wanampa pole badala ya kumuuliza.

Aliyenifungua mdomo ni nesi kijana. Aliona kadi, hakunigombeza, akaniuliza, "Wewe chakula unakionaje siku hizi?" Swali la namna hiyo sikuwahi kuulizwa. Nililia pale pale kwenye benchi.

Kilichonisaidia: Nilipimwa uzito nikiipa mizani mgongo, namba ikaandikwa kwenye faili bila kusomwa kwa sauti. Mwambie mkunga wenu wafanye hivyo, ni jambo dogo na mizani haigharimu kitu ikigeuziwa mgongo. Nilipata kaunsela niliyekwenda kwake kila wiki, tukawa tunaandika nilichokula na nilichohisi kabla ya kula, si idadi ya kijiko. Mume wangu aliambiwa asitaje mwili wangu wala sahani yangu, akashika neno. Nilifundishwa nikitapika nisukutue kwa maji matupu na nisipige mswaki papo hapo, maana meno yanakuwa yamelainika. Sikujua, nilikuwa nayasugua kwa nguvu kila mara, na mawili ya nyuma nimeyapoteza.

Kilichoniumiza: Mama mkwe kukaa mlangoni mwa choo. Kuhesabiwa mandazi. Kuambiwa "kuna watu hawana chakula na wewe unakimwaga". Nilijua. Kuambiwa hakukunipa nguvu ya kuacha.

Na mjiandae na baada ya kujifungua. Ujauzito ukiisha watu wanaanza kuuliza mwili umeurudisha lini, unafungwa tumbo kwa leso, na mtoto hakulazi usiku. Mimi ugonjwa ulinirudia hapo, pamoja na huzuni nzito. Kaunsela alikuwa ameshaniambia inaweza kutokea, kwa hiyo niliijua nikarudi kwake mapema. Nilinyonyesha. Binti yangu mzima, anasoma. Usiku bado naweza kulisikia kabati likiniita nikiwa na mawazo, lakini sasa nina mtu wa kumpigia simu.

DadaMkubwa_Tanga

Nimesoma yote, nyingine nimesoma mara mbili. Mwanamke wa Likoni, Mungu akulinde wewe na binti yako.

Jana jioni nilimwita nje, watoto walikuwa madrasa. Nilimwambia kama alivyoniandikia mkunga, bila kutaja mwili. Kwanza alikana, akasema mimi namchunguza. Sikubishana, nikabaki nachambua dagaa. Baada ya muda akanyoosha mkono akanionyesha vidole mwenyewe. Kuna kovu jeusi juu ya vifundo viwili. Akasema anajitapisha tangu kidato cha tatu, akasema mwezi uliopita alihisi moyo unaruka akakaa chini bafuni, na hakumwambia mtu. Kuhusu udongo anasema ni vyote, anautamani kweli, na pia unamfanya asisikie njaa. Anaogopa mumewe akijua atamwona kichaa. Sanamaki amenipa zote.

Nimeshauriana naye, shemeji nitampigia mimi akiwa amekaa pembeni yangu. Naomba tu kuelekezwa: tukifika hospitali tuseme nini? Naogopa tutaambiwa tena "ale vizuri" na kurudishwa.

Mkunga_ZamuYaUsiku

Umefanya vizuri sana, na yeye amefanya vizuri zaidi kuonyesha mkono.

Kwa kuwa moyo ulishawahi kuruka, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni kesho hospitali ya rufaa ya mkoa, muanzie kwa daktari wa wajawazito, na sentensi ya kwanza iwe hii: "Anajitapisha kwa makusudi na anatumia sanamaki, ana mimba ya miezi sita, na moyo umewahi kumruka." Msianze na kichefuchefu, mkianza na kichefuchefu mtapewa dawa ya kichefuchefu. Bebeni kadi na zile pakiti. Ombeni potasiamu na kipimo cha figo, kipimo cha umeme wa moyo, damu, malaria, mkojo, presha, na mtoto apimwe ukuaji. Kisha muombe barua ya kwenda kitengo cha afya ya akili. Hospitali ya rufaa ya mkoa huwa nacho, na wakiona inahitajika wanaweza kuandika rufaa ya Muhimbili. Mwambie mapema kwamba kitengo hicho hakiwatibu vichaa pekee, maana akikiona kibao mlangoni anaweza kugeuza. Kama anataka kuongea na daktari peke yake, wewe toka nje.

Usiku huu akizimia, akishindwa kushikilia hata maji, akiona damu, moyo ukimwenda mbio tena, mtoto akipunguza kucheza, au akikuambia hataki kuishi, tafuta gari usiku huo huo.

Shemeji mpe kazi moja tu kwenye simu: amwambie mkewe anampenda na atakuja, asiulize anakula nini. Na hiyo potasiamu, kama maabara yao haipimi, ulizeni maabara nyingine siku hiyo hiyo kabla hamjarudi nyumbani.